Bustani na Mikono Iitunzayo

Bustani ni kitu kimoja chenye majina mawili. Kwa mwenyewe, na kwa mpita njia, jina lake ni raha. Kwa mtunzaji wake jina lake ni kazi. Aketiye kivulini jioni huona nyasi zilizokatwa sawasawa, ua wa miti ulionyolewa kama kichwa cha bwana harusi, na waridi lililochanua. Haioni injini iliyonguruma asubuhi, wala ngazi iliyoegemezwa mtini, wala pampu ya dawa iliyobebwa mgongoni. Kazi njema ina desturi ya kujificha nyuma ya matunda yake. Kwa sababu hiyo watu wengi, wakiulizwa kazi zenye hatari, hutaja machimbo ya mawe, viwanda, ujenzi wa maghorofa na uvuvi wa bahari kuu. Ni mara chache sana mtu kutaja bustani. Nataka, msomaji wangu, tuzungumze juu ya hatari za kazi hii isiyotajwa, na juu ya wajibu wa kila mmoja katika kuzizuia.

Nchi yetu haikosi bustani. Katikati ya Nairobi iko bustani ya Jeevanjee, iliyoanzishwa mwaka 1906. Na mwaka uliofuata, yaani 1907, ilianzishwa Arboreta ya Nairobi, ambayo ni shamba la miti ya aina nyingi. Tangu siku hizo bustani zimeenea mbele ya hoteli za pwani, katika hospitali, vyuo, benki na nyumba za ibada, na katika makazi ya watu. Zamani kila nyumba iliyojiweza ilikuwa na mtunza bustani wake. Siku hizi kazi hii imechukuliwa pia na makampuni. Kampuni huajiri vijana, hununua mashine, na hupeleka kikosi leo hapa na kesho kule. Mabadiliko haya yameleta riziki kwa wengi, lakini yameleta na shida yake. Mtunza bustani wa zamani aliijua bustani yake kama aujuavyo ukumbi wa nyumba yake. Mtunzaji wa kampuni huingia kila siku mahali asipopajua. Hajui jiwe lililojificha majanini, wala waya uliopitishwa chini ya udongo, wala nyuki waliofanya makao katika shina la mti. Ugeni wake ni hatari ya kwanza kabla hajashika chombo chochote.

Kabla ya kuzitazama hatari nyingine, sharti tuondoe kizuizi kimoja kilichokaa mlangoni mwa fikira zetu. Kizuizi hicho ni methali isemayo, “Ajali haina kinga.” Methali ni mali ya taifa, nami sina nia ya kuitukana. Lakini mali ikitumiwa mahali pasipo pake huharibika. Neno ajali lilitujia kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni muda uliokadiriwa, yaani mwisho wa uhai wa mtu usiopita saa yake. Juu ya jambo hilo wahenga walisema kweli: hapana ngao izuiayo kifo siku yake ikifika. Lakini neno hilo limepanuka likachukua pia maana ya kuanguka, kugongwa, kukatwa na kuungua, na methali imefuatana nalo mpaka mahali ambapo haikutumwa. Wahenga hao hao, walipotaka kusema juu ya madhara yanayozuilika, walikuwa na maneno mengine. Walisema, “Tahadhari kabla ya hatari,” na tena, “Usipoziba ufa utajenga ukuta.” Mtu ashikaye methali ya kwanza na kuzisahau hizi mbili hafuati hekima ya wazee, anatafuta mto wa kulalia.

Nilikuwa mwanafunzi wa kidato cha pili nilipoyajua haya kwa uchungu. Kaka yangu mkubwa alikuwa ameajiriwa na kampuni moja iliyotunza bustani za watu mjini. Alikuwa kijana mwenye nguvu na mcheshi, na mshahara wake ndio uliolipa sehemu ya karo yangu. Siku moja alipelekwa pamoja na wenzake kukata majani marefu kando ya njia ya gari. Alipewa mashine ya kufyekea, ile ining’inizwayo begani, yenye kisu kizungukacho kwa kasi mbele ya mshikaji. Aliomba miwani ya kukinga macho. Msimamizi alimjibu kuwa miwani imo ofisini, na kwamba kazi yenyewe ni ya nusu saa tu. Kaka akavuta kamba, injini ikanguruma. Majani yalikuwa yamezifunika kokoto za njia ile. Kokoto moja, ndogo kuliko punje ya mahindi, ilirushwa na kisu ikampiga katika jicho la kushoto. Hospitalini walijitahidi, lakini nuru ya jicho lile haikurudi.

Majirani walikuja nyumbani kumpa mama pole, kama ilivyo ada yetu. Mzee mmoja, mtu mwema aliyetupenda sana, alisema kwa sauti ya upole, “Usilie mno, mama. Ajali haina kinga.” Kaka alikuwa ameketi pembeni, bandeji usoni. Akasema, “Mzee wangu, kinga ilikuwako. Ilikuwa imefungiwa kabatini.” Hakuna aliyemjibu. Baadaye tulipata kujua kuwa miwani ile ilikuwa imenunuliwa zamani, ikawekwa kabatini isikwaruzike, ikingoja siku ya kuonyeshwa wakaguzi. Leo kaka yangu huuza miche kando ya barabara. Ameizoea hali yake, walakini akitaka kummiminia mgeni chai hukigusa kikombe kwanza kwa kidole ili ajue kilipo, maana jicho moja halipimi umbali vyema.

Sikuleta habari hii ili kukuhuzunisha, msomaji. Nimeileta kwa kuwa imenifundisha kwamba ajali ya kazini si radi ishukayo kutoka mawinguni. Ni mnyororo wenye pete nyingi. Njia haikukaguliwa: hiyo ni pete ya kwanza. Miwani haikutolewa: hiyo ni ya pili. Msimamizi aliipima hatari kwa urefu wa kazi, kana kwamba jiwe hungoja nusu saa iishe ndipo liruke: hiyo ni ya tatu. Mfanyakazi aliogopa kusema “Sianzi” kwa kuihofia ajira yake: hiyo ni ya nne. Ingalikatwa pete moja tu kati ya hizo, kokoto ile ingaliishia chini au ingaligonga kioo cha miwani, na jioni ile kaka angalirudi nyumbani na macho yake mawili. Kinga si kitu kimoja kikubwa. Ni vitu vidogo vingi vifanywavyo kila siku, hata siku zisizo na dalili ya shari.

Basi na tuingie bustanini tuzitazame hatari hizo moja baada ya moja. Kwanza ni mashine. Kisu cha mashine ya kukatia nyasi huzunguka maelfu ya mara kwa dakika moja, na kitu chochote kigumu kikutanacho nacho hugeuka kuwa risasi. Kwa hiyo kabla ya injini kuwashwa, sharti uwanja utembewe wote, na mawe, mifupa, nyaya na vipande vya chupa viokotwe. Watu wasio wa kazi wakae mbali. Kwa mashine ya kufyekea umbali huo usipungue mita 15. Nyasi zikisakama, injini huzimwa na waya wa plagi kuchomolewa kabla ya mkono kukaribia kisu, kwa kuwa kisu kilichosimama si kisu kilichokufa. Petroli haimiminwi penye injini yenye moto. Penye mteremko, mashine ya kusukumwa huendeshwa kwa ubavu, wala si kwa kupanda na kushuka, ili mtu akiteleza asiivute juu ya miguu yake.

Pili ni zana za mkono. Usizidharau kwa sababu hazina injini. Fyekeo, ambalo hapana mwanafunzi wa Kenya asiyelijua, huweza kumchomoka mtu mkononi mpini ukilegea, na wafyekaji wanaosimama karibu karibu huhatarishana miguu. Reki iliyoachwa chini meno juu humngoja apitaye. Tena kisu butu kina hatari kuliko kikali, maana kilicho butu hutaka nguvu nyingi, na nguvu nyingi ikikosa shabaha huishia mwilini. Chanda chema huvikwa pete, lakini kikiwa kazini sharti kivikwe glavu kwanza.

Tatu ni kimo. Mikaratusi na mijakaranda ya miji yetu hupendeza kwa urefu wake, lakini matawi yake hayapogolewi na mtu aliyesimama chini. Ngazi husimamishwa juu ya ardhi iliyo sawa, na tako lake hutengwa na mti kwa kipimo cha moja kwa nne: ikifika kimo cha mita 4, tako liwe mita 1 mbali. Mtu wa pili huishika chini. Apandaye juu zaidi huvaa mkanda na kamba, na chini yake hapapiti mtu. Nyaya za umeme ni jambo la kuogopwa kuliko yote. Mti mbichi una maji ndani yake, na tawi liguswalo na waya huweza kuupitisha umeme mpaka mkononi mwa akataye. Mti ulio karibu na waya usiguswe mpaka wenye umeme waarifiwe na kuukata kwanza.

Nne ni dawa. Nasema dawa kwa desturi tu, kwa maana kiletacho afya kwa waridi huenda kikaleta mauti kwa mnyunyizaji. Chupa ya dawa ya wadudu au ya magugu ina karatasi yenye maelezo, na chini ya karatasi hiyo pana utepe wa rangi. Nyekundu ni ishara ya sumu kali sana. Manjano ni sumu ya wastani. Buluu ni hafifu. Kijani ni ile isiyotazamiwa kudhuru ikitumiwa kama ilivyoelekezwa. Asiyejua kusoma maelezo aweza kufundishwa rangi. Dawa hunyunyizwa asubuhi hewa ikiwa imetulia, na mnyunyizaji huupa upepo mgongo. Huvaa glavu, gambuti, miwani, nguo ndefu na kifuniko cha pua na mdomo kinachofaa dawa ile. Bomba likiziba halipulizwi kwa mdomo. Hali chakula wala havuti sigara mpaka amekoga, na nguo zake hazifuliwi pamoja na nguo za watoto. Zaidi ya yote, dawa haitiwi katika chupa ya soda. Zipo dawa za kuua magugu ambazo funda moja laweza kuua, na tabibu hana kitu cha kuzitangua. Chupa ya soda humwita mtoto; sumu humjibu.

Tano ni mimea yenyewe, udongo na viumbe. Mnyaa, unaopandwa katika nyua nyingi, una utomvu mweupe kama maziwa. Ukiingia jichoni huwaka kama moto na huweza kuondoa nuru kwa muda. Tiba ya kwanza ni kuosha jicho kwa maji safi mengi, si chini ya dakika 15, kisha kwenda hospitalini. Ua wa kayaba una miiba mirefu ipenyayo viatu vyepesi. Mwiba wa waridi huweza kuingiza chini ya ngozi kuvu iletayo vidonda vinavyopanda mkono taratibu. Na katika udongo, hasa uliochanganyika na samadi, hukaa vijidudu vya pepopunda, ambavyo huingia kwa jeraha dogo asilolijali mtu. Chanjo ya pepopunda ipo, na kampuni iwapelekayo watu udongoni bila ya kuwauliza juu ya chanjo hiyo imewapeleka vitani bila ya ngao. Nyuki na nyoka nao wana haki ya kuogopwa: kichaka hupigwa kwa ufito kwanza, ndipo mkono uingie.

Mwisho ni hatari zisizo na kishindo. Jua la mchana hukausha mwili na kumwangusha mtu mwenye afya. Mzigo wa mawe uinuliwao kwa kuinama, badala ya kupiga magoti na kuunyanyua kwa nguvu za miguu, huuharibu mgongo kidogo kidogo. Kelele za injini huiba masikio bila ya kuacha jeraha. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 juu ya kelele kazini zilikataza mfanyakazi kupatwa na kelele zipitazo kipimo cha desibeli 90 kwa saa 8, na msumeno wa injini hupita kipimo hicho kwa mbali. Mtetemo wa mashine nao huvifanya vidole vife ganzi. Aumizwaye na panga hujua siku aliyoumia; aumizwaye na haya hugundua akiwa mzee, naye hudhani ni uzee. Mwaka 1700 Bernardino Ramazzini, tabibu wa Modena nchini Italia, alitoa kitabu juu ya maradhi ya wafanyakazi, akawashauri matabibu waongeze swali moja juu ya yale wamwulizayo mgonjwa: Unafanya kazi gani? Zaidi ya miaka 300 imepita, na swali hilo bado lina faida.

Yako watu wadhanio kuwa kujikinga ni hisani ya tajiri kwa wafanyakazi wake. Sivyo. Ni sheria. Sheria ya viwanda iliyoanza kutumika Kenya mwaka 1951 ilimtazama hasa mtu wa kiwandani, na asiyekuwa na paa juu yake alikuwa kama hayumo. Mwaka 1990 sheria ile ilirekebishwa, na jina lake likapanuliwa ili litaje mahali pengine pa kazi. Hatimaye mwaka 2007 Bunge lilitunga Sheria ya Usalama na Afya Kazini, inayohusu kila mahali ambapo mtu hufanya kazi, pawe pa kudumu au pa muda. Kwa maneno hayo machache bustani iliingia ndani ya sheria. Tena mwezi wa Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani liliitia kazi salama na yenye afya katika jumla ya haki za msingi za wafanyakazi wote.

Sheria hiyo ya 2007 inagawa wajibu kwa pande mbili. Mwajiri hutakiwa kuhakikisha kuwa mahali pa kazi na vyombo vyake ni salama. Kutoa mafunzo na maelekezo. Na kutoa vifaa vya kujikinga. Mwenye watu 20 au zaidi hutakiwa kuunda kamati ya usalama na afya. Ajali iuayo hutakiwa kuarifiwa kwa afisa wa serikali katika muda wa saa 24. Mfanyakazi naye hutakiwa kuvitumia vifaa alivyopewa, kufuata maelekezo, na kuarifu juu ya hatari aionayo. Akiarifu hatari kubwa iliyo karibu, hawezi kulazimishwa kurudi pale mpaka hatari hiyo iondolewe. Hapo, msomaji, ndipo lilipo lile neno “Sianzi” ambalo kaka yangu hakuwa na ujasiri wa kulitamka. Kulitamka si uvivu wala si ukaidi, na kila kijana aingiaye kazini hana budi kulijua kabla hajaijua njia ya kwenda kwa mlipa mshahara.

Mwaka huo huo wa 2007 ilitungwa pia Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, inayomtaka mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima. Mtu alemaaye kabisa kwa maisha yake yote hukadiriwa fidia ya mapato ya miezi 96. Fidia ni haki, na anayeinyima ni dhalimu. Lakini piga hesabu. Miezi 96 ni miaka 8. Kijana wa miaka 22 aweza kuwa na miaka 40 ya kazi mbele yake. Fidia hununua unga na hulipa kodi ya nyumba. Hainunui jicho, wala kidole, wala pumzi. Bei ya miwani ni ndogo, na mizani ya hesabu hii haihitaji bwana fedha kuisoma.

Nisije nikadhaniwa kuwa nayalaumu makampuni yote, acha nikueleze habari ya kikosi kimoja nikionacho mara kwa mara. Katika chuo cha ualimu nifundishamo, bustani hutunzwa na kampuni ambayo watu wake huja Jumatatu alfajiri. Hawaanzi kwa kuwasha injini. Huanza kwa kusimama duara, na msimamizi wao, mwanamke mtu mzima mwenye maneno machache, huwauliza: “Leo tunafanya nini? Kipi kiwezacho kutuumiza? Tutafanyaje?” Kila mmoja hujibu. Kisha hutembea uwanjani na ndoo wakiokota mawe. Sanduku la huduma ya kwanza huwekwa juu ya wilbaro mahali paonekanapo na wote, na mmoja wao amefunzwa kulitumia. Maji ya kunywa huwa kivulini. Saa za jua kali huhamia kwenye kazi za chini ya miti. Mtu akinusurika, tuseme tawi limeanguka hatua moja kutoka alipo, jambo hilo huandikwa daftarini kana kwamba ameumia, ili lisirudi.

Siku moja niliwaongoza walimu wanafunzi wangu kwenda kuwatazama. Mmoja wao alimwuliza yule mama, “Shikamoo, mama. Maswali haya ya kila Jumatatu hayawachoshi?” Akajibu, “Marahaba, mwanangu. Yanatuchosha. Lakini wote ulioona wakija asubuhi utawaona wakirudi jioni.” Nimesoma vitabu kadhaa juu ya usimamizi wa kazi, wala sikumbuki kimoja kilichonionyesha kipimo bora kuliko hicho. Kampuni haipimwi kwa unyofu wa nyua izikatazo tu. Hupimwa pia kwa hesabu ya watu wake jioni.

Liko na fungu la tatu la wajibu, nalo ni la mwenye bustani. Aitaye kampuni kwa kuichagua ile yenye bei ya chini kuliko zote, bila ya kuuliza bei hiyo imepunguzwa wapi, huenda amenunua usalama wa mtu kwa nusu ya thamani. Ni wajibu wake kuwaambia wageni waya uko wapi, mbwa amefungwa au hakufungwa, na ni mti gani wenye nyuki. Ni wajibu wake kuwaweka watoto mbali mashine zikiwa kazini. Wala asimhimize mfanyakazi apande tawi moja zaidi kabla ya wageni wake wa jioni kufika. Haraka haraka haina baraka, na iliyo mbaya zaidi ni haraka ya mtu mmoja ilipiwayo na mwili wa mwingine.

Nawe, mwanafunzi usomaye ukurasa huu, usidhani kuwa maneno haya yanapita juu ya kichwa chako. Shule yako ina uwanja, na uwanja una majani, na siku ya kufyeka utapewa fyekeo. Utazame mpini wake kabla ya kuliinua. Mtazame aliye karibu nawe. Vaa viatu. Okota chupa iliyovunjika hata kama hukuivunja wewe. Ukiona hatari, mwambie mwalimu. Na asiposikia mara ya kwanza, mwambie mara ya pili kwa adabu ile ile. Tabia ya kazini haianzi siku ya kuajiriwa. Huanza mahali kama hapo, katika kazi ndogo zisizo na mshahara.

Miaka si mingi ijayo mtatawanyika. Wengine wenu mtashika mashine, wengine mtawasimamia wazishikao, wengine mtakuwa na kampuni zenu, na wengine mtajaliwa nyumba zenye bustani. Atakayeshika mashine akumbuke kuwa mwili wake ni chombo kisicho na duka. Atakayesimamia afungue kabati na kuvitoa vifaa, kwa kuwa kinga iliyohifadhiwa haijamkinga mtu. Mwenye kampuni akumbuke kuwa kila mfanyakazi alipotoka nyumbani aliwaacha watu wanaomngoja. Naye mwenye bustani, jioni akiketi kivulini, atazame nyasi zake, kisha aulize kama waliozikata wamefika kwao salama.